Mwenzi wa Maombi

Ijumaa, 2 Agosti

Dada yangu mpenzi, Mama Pacha,

Bwana asifiwe! Kabla hujaniuliza: nakula, nalala, na sijagombana na mtu. Najua unaguna. Wiki ya kwanza ya misheni imekwisha na mdogo wako bado anapendwa, jambo ambalo hata mimi limenishangaza.

Simu zetu Mchungaji alizikusanya siku tuliyofika, akazifungia kwenye kabati la mwalimu mkuu, eti tujifunze kusikilizana. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono kama walivyofanya bibi zetu. Lori la saruji na chakula linakuja kila Jumamosi na kurudi Jumatatu, na dereva amekubali kuwa posta.

Tunaishi shuleni kwa kuwa watoto wako likizo. Wanawake tuko Darasa la Tatu. Madawati tumeyarundika nyuma, magodoro yako chini, na ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya ambazo hakuna mwenye moyo wa kuzifuta. Mchana tunapiga lipu kuta za zahanati. Mimi fundi cherehani nimepewa mwiko wa kujengea, na ukuta wangu una matuta kama shamba la viazi. Fundi mwashi akipita anauangalia, anainamisha kichwa, anasema, "Tutaupaka rangi nzito." Kuishi pamoja si mchezo, dada. Mmoja anakoroma, wa pili anaamka alfajiri kukemea mapepo kwa sauti, wa tatu ametumia sabuni yangu hadi ikawa kipande, nikimuuliza ananiambia hata kanisa la kwanza walikuwa na vitu vyote shirika.

Lakini jioni ni tamu. Jumatano nilipewa kuongoza maombi na watu walilia, hadi fundi mwashi. Mchungaji akasema nina karama. Najua nisijisifu, ila nakuandikia wewe, si kanisa.

Kuna utaratibu mmoja hapa. Yule ambaye godoro lake limegusana na lako ndiye mwenzi wako wa maombi. Kila mmoja anampa mwenzake mzigo mmoja wa kuombea, na mzigo huo hautoki pale kwenye godoro. Wangu nimempata Mama Mkunga, ndiyo, yule yule wa kanisani kwetu aliyewapokea mapacha wako. Mimi nilimwambia naombea mchumba. Akacheka, akasema, "Hilo Mungu analijua, unalitangaza kila siku." Kisha akanipa wake.

Dada, kaa chini. Mwanawe hayuko ng'ambo masomoni. Yuko gerezani. Alimpiga mtu chupa kwenye ugomvi wa baa, akafungwa, huu ni mwaka wa tatu, na zile salamu tunazotumiwa kanisani kila Krismasi anazitunga mama mwenyewe. Hajaenda kumwona hata mara moja. Ameniambia huku ametazama ukutani. Anayejua ni Mchungaji na mimi tu.

Mzigo huu ni mzito, siwezi kuuombea peke yangu, ndiyo maana nakushirikisha. Usimwambie mtu. Uombee tu.

Wasalimie mapacha, waambie mama mdogo anajenga hospitali. Usiwaambie habari za matuta.

Mdogo wako,
Kitindamimba

*

Alhamisi, 8 Agosti

Mdogo wangu Kitindamimba,

Barua yako nimeisoma nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, nikasuka mistari miwili imepinda, ikabidi nifumue. Maskini Mama Mkunga! Mwanamke mkimya vile, kumbe moyoni ana moto. Nililia. Shemeji yako akadhani wewe umepatwa na jambo.

Sasa furahi. Jana kwenye maombi ya kina mama ya Jumatano tuliliweka jambo hilo mbele za Mungu kwa nguvu zote. Usishtuke, jina sikulitaja. Nilisema tu kuna mkunga wetu mmoja aliyekwenda misheni. Wote wakaguswa. Wako waliopiga magoti sakafuni, na sakafu yenyewe unavyoijua ilivyo baridi. Nilipoeleza kwamba mama hata kwenda kumwona mtoto hajaweza, mke wa mzee wa kanisa akasema hapana, huyu mwenzetu hawezi kuachwa peke yake. Wamepanga kufunga na kuomba. Unaona barua yako ilivyofanya kazi? Mimi ningenyamaza, nani angemfungia huyo mama?

Mwenyekiti wa kina mama anakuja huko na lori Jumamosi kuwatembelea. Ameahidi kumpa pole yeye mwenyewe, uso kwa uso. Ni mtu wa huruma sana yule, ingawa anapenda kusikika.

Mapacha wanasema ukijenga hospitali uwajengee na chumba cha kutazamia katuni. Mchumba tunaendelea kukuombea, ila punguza masharti.

Dada yako,
Mama Pacha

*

Jumapili, 11 Agosti

Dada,

Barua yako nimeisoma mambo yakiwa yameshaharibika. Ilikuja kwenye lori lile lile lililomleta Mwenyekiti.

Nikueleze ulivyomwaga mchele penye kuku wengi. Hapana. Nianze upya. Nikueleze tulivyoumwaga, maana gunia nilikufungulia mimi.

Tulikuwa barazani, chakula cha mchana. Zamu ya kupakua ilikuwa ya Mama Mkunga, amesimama na upawa, sisi tuko kwenye foleni na sahani. Mwenyekiti akashuka garini, hata maji hajanywa, akaenda moja kwa moja akamkumbatia. Na sauti yake unaijua, haijawahi kuhitaji kipaza sauti. "Pole, mama! Pole sana! Hata gerezani Mungu yupo! Kanisa zima tunafunga kwa ajili ya kijana wetu!" Wanakijiji waliokuja kusaidia kuchanganya saruji walikuwa pale. Fundi mwashi alikuwa pale. Wote tukabaki na sahani mkononi.

 Mama Mkunga alisubiri aachiliwe, akageukia sufuria, akaendelea kupakua. Alimpakulia kila mmoja hadi wa mwisho, na Mwenyekiti naye akampakulia, nyama akamwekea. Akafunika sufuria, akaning'iniza upawa, akaenda darasani. Mimi nilikula, dada. Nilikuwa sijui nifanye nini na mikono yangu, nikala.

Jioni nilimkuta ameketi kwenye godoro. Nikajua ananisubiri. Akanisogezea nafasi nikae. Akasema, "Watu wawili tu niliwaambia. Wewe huna simu, na hapa hujatoka. Mchungaji simu anayo. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu." Barua hakuziwaza kabisa. Nani siku hizi anawaza barua?

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo huu unaosema hata usiyoulizwa ukagoma. Nikasema, "Pole, mama." Basi.

Na amenishukuru. Akaniambia mimi peke yangu ndiye niliyemtunzia. Saruji imenila vidole vimepasuka, na yeye kila jioni anachukua mafuta yake ya wodini ananipaka, kidole kimoja kimoja, kama nastahili kupakwa.

Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Kikombe kilipomfikia hakunywa, kwa kuwa aliyekibariki ni Mchungaji. Alikipitisha kwangu. Mimi nilikunywa. Watu wote walikuwa wananitazama, na kukataa kungekuwa kusema, kwa hiyo nikanywa.

Wote wakaelewa anamshuku nani, na Mchungaji hajajitetea. Anakula peke yake mwisho wa meza, watu wanampitishia chumvi bila kumtazama.

Nina aibu, dada. Niambie nifanye nini.

Kitindamimba

*

Jumatano, 14 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea chooni ili shemeji yako asinione.

Nisikilize mimi mkubwa wako. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukisema sasa, utamsaidia nani? Mama wa watu ameshaumia, utamuumiza mara ya pili kwa kumpokonya na wewe, aliyebaki naye. Mchungaji ni mtu mzima, kazi yake ni kubeba mizigo ya watu, abebe na huu. Funika kombe mwanaharamu apite. Misheni itakwisha, mtarudi, kila mtu atashika hamsini zake.

Na unikumbuke na mimi. Ukijisema umenisema. Saluni yangu yote ni wanawake wa kanisani. Nani ataniletea kichwa akijua maneno yake yatafika Jumatano? Unafikiri sioni? Jana walikuwa wakiongea wakaniona naingia, wakaanza kusifia pazia.

Mimi nilikuwa na nia njema. Na wewe ulikuwa na nia njema. Mungu anaangalia moyo.

Leo sikwenda maombi. Nimesema kichwa kinaniuma, na kweli kinaniuma.

Dada yako

*

Jumapili, 18 Agosti

Dada yangu,

Ushauri wako ulifika jana. Nilishasema tangu Alhamisi. Nisamehe kwamba sikukungoja. Na kama ungefika mapema, nisingeufuata, ingawa ningeupenda sana.

Haikuwa kwa ushujaa. Alikuwa ananipaka mafuta, amefika kidole gumba, ananiambia akirudi atahama kanisa, maana hawezi tena kumsikiliza Mchungaji akihubiri. Nikavuta mkono. Nikasema, "Mama, ni mimi. Nilimwandikia dada."

Akaurudisha mkono wangu akamalizia kidole. Akafunga kopo. Kisha akaniuliza, taratibu kama anavyowauliza wagonjwa, "Ulimwandikia nini hasa?"

Nikamwambia neno kwa neno. Chupa, baa, salamu za Krismasi. Kila neno nililiona jinsi nilivyolipamba nilipokuwa naandika. Dada, nililionea utamu jambo lile. Nilikuandikia "kaa chini" kama mtu anayeanza hadithi. Sikuwa naomba msaada wa maombi. Nilikuwa na habari, na nilitaka niwe mimi wa kwanza kuileta.

Akauliza, "Na kwamba sijaenda kumwona, ulimwambia?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Hicho ndicho nilichokupa uniombee. Niende. Hayo mengine yalikuwa maelezo tu." Na kweli, dada, jioni ile aliniambia wazi: niombee nipate miguu ya kufika pale. Mimi nikabeba maelezo, ombi lenyewe nikaliacha kwenye godoro. Sikumwombea hata mara moja aende. Nilikuwa bize kuongoza maombi ya jioni.

Nililia, nikashika goti lake, nikaanza, "Ee Bwana, mrehemu mama huyu," kwa mazoea tu, mdomo ulijiendea wenyewe. Akautoa mkono wangu gotini. "Usiniombee," akasema. "Usiniombee tena mpaka nikwambie."

Asubuhi nilisimama mezani nikawaambia wote kwamba Mchungaji hana kosa. Yule wa sabuni ya shirika akaangalia sahani yake. Fundi mwashi akasema tu, "Ah." Mama Mkunga aliinuka pale pale mbele yetu, akamwomba Mchungaji msamaha, na uso wa Mchungaji ukawa mgumu kuutazama. Baadaye nilimfuata kwenye pipa la maji, nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Alikuwa amekisia ni mimi. Barua hapa naandika mimi tu, kila mara amenipa karatasi yeye mwenyewe. Akasema, "Ningejitetea, angebaki na nani wa kushuku? Anayelala ubavuni pake. Nikaona heri anichukie mimi, ninalala Darasa la Sita. Nikawa nakungoja." Alikuwa ananingoja! Siku zote zile ninampitishia chumvi.

Godoro lake hajalihamisha. Darasa halina nafasi, nadhani ndiyo sababu. Usiku tunalala magodoro yamegusana. Wameniita tena kuongoza maombi nikakataa. Nachota maji, naosha sufuria, narudia ukuta wangu. Sitaki uone kama ni toba nzuri. Ni kwamba sina pa kuuweka uso, na sufuria ni kubwa.

Barua hii inasafiri pamoja naye kesho. Ameomba ruhusa ya kurudi nyumbani na atakaa mbele na dereva. Ukimwona njiani, tafadhali usimkumbatie.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 22 Agosti

Kitindamimba,

Nilikukasirikia siku nzima. Nimekuita majina ambayo mama yetu angenipiga kofi. Kisha jana nikaenda maombi ya Jumatano, nikasimama, nikasema, "Lile jambo la mkunga halikuwa langu kulisema, nililiiba." Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Sikumaliza. Mke wa mzee wa kanisa akafumba macho akaanza kuniombea kwa sauti, nipone roho ya umbeya, na wote wakadakia. Wakanishika kichwa. Waliniombea hadi nywele zikafumuka. Pale sakafuni ndipo nilipojua tulichomfanyia mtu.

Wateja wawili hawajaja. Watarudi, au hawatarudi.

Mama Mkunga nilimwona sokoni. Sikumkumbatia. Nilisema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba," akaendelea kuchagua nyanya.

Rudi salama.

Dada yako

*

Ijumaa, 30 Agosti

Binti,

Dereva ameniambia bado mko huko na ukuta umekwisha, kwa hiyo nakuandikia.

Sijakuandikia kukushukuru. Ulichofanya ni kibaya na kitabaki kibaya, hata kikizaa mtoto mzuri kiasi gani. Wala sijakusamehe kama watu wanavyosema pale mbele ya kanisa, wakapigiwa makofi. Najaribu. Siku nyingine naamka nimeweza, ikifika saa sita nimeshindwa.

Nimekwenda kumwona.

Pale nje ya lango ni foleni ndefu, wanawake na vikapu. Nilivuta kanga usoni kwa mazoea, kisha nikajiuliza namficha nani tena, na asionwe na nani. Nikaishusha. Unajua mimi nikiwa kazini huwaambia wanawake wanaoona haya kwamba mficha uchi hazai. Nimelisema neno hilo miaka yote hadi wauguzi wananicheka. Na mwanangu mwenyewe, niliyemzaa, nikamfanya kuwa ndiye uchi wangu, nikamfunika.

Amekonda. Nywele wamemnyoa. Kati yetu kuna wavu na askari amesimama. Hakuniamkia. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, kuna mtu amekuona ukija huku?"

Nikamwambia, "Wameniona. Wanajua. Kanisa zima linajua."

Akainamisha kichwa kwenye wavu akalia. Nikadhani ni aibu, nikaanza kumwambia pole, si mimi niliyewaambia, ni mtu. Akatikisa kichwa. Akasema, "Silii kwa ajili hiyo, mama. Basi sasa utakuwa unakuja."

 Askari akasema muda umekwisha.

Nakuambia haya kwa kuwa yalianzia kwako, na kwa kuwa nilikuahidi nitakwambia ukiweza tena kuniombea. Bado. Usimsomee dada yako. Usiyatolee ushuhuda. Usiyaombee. Yabebe tu.

Mama Mkunga